Hatua Nilizompigia Baba

Ninaandika haya nikiwa nimekaa, mguu wa kulia juu ya mito miwili, kifundo kimeumuka kama mahamri, na aliyenifikisha hapa ni zulia. Wala si zulia la maana. Ni lile la sebuleni kwa wazazi wangu, mtaa wa Hodge Hill hapa Birmingham, la rangi ambayo Mama huiita chai ya maziwa na sisi wengine huiita uchafu. Juzi Baba alitangaza kwamba zulia limekula chumvi ya kutosha, litoke, iwekwe sakafu ya mbao kama kwa watu wengine. Tukasogeza kochi, tukabandua pembe moja, na harufu ikapanda kutoka chini: vumbi, iliki ya chai zilizomwagika zamani, na yale mafuta ya karafuu ambayo Mama alikuwa akimchulia Baba magoti. Niligeuka upande ili nisije nikatoa machozi kwa ajili ya zulia, na hapo ndipo nilipoyaona mabaka.

Yalikuwa mbele ya televisheni, manne. Mawili makubwa, yametengana kwa upana wa mabega ya mtu mzima, zulia limelika hadi nyuzi za chini zinaonekana. Mawili madogo yalikuwa kando, karibu na meza ya chai. Baba aliyatazama, akakuna ndevu, akasema, "Haya, shika upande wako." Nikashika upande wangu. Lakini nilipokuwa nikitoka kinyumenyume mlangoni, zulia limekunjwa begani, nilikuwa bado nayawaza yale madogo, nikasahau kwamba mlango wetu una vidato viwili. Basi nimeamriwa wiki tatu za kukaa kitako hapa kwao, na aliyekaa kitako hana kazi ila kukumbuka.

Wenzangu mliokulia Birmingham upande wetu wa mashariki mnawajua akina baba wa aina ya wangu. Msomali wa Eastleigh, Nairobi, alizunguka Ulaya miaka kadhaa kabla hajafika huku, na alipofika huku akaendesha teksi. Mama naye ni Msomali, ila wa Mombasa, na Kisomali chake kinachechemea, kwa hivyo nyumbani kwetu lugha ya kupendana na ya kugombana ilikuwa Kiswahili. Mimi, mtoto wao wa pekee, nilisikia kila kitu na nikajibu kwa Kiingereza. Kama ninyi nyote, msijifanye.

Baba alikuwa na kipaji cha kukaa. Alikaa kwenye teksi tangu alfajiri hadi saa nane mchana, akaja nyumbani akakaa mezani, kisha akahamia kwenye kochi, na hapo ndipo alipokaa kweli. Alikuwa na upande wake, wa kushoto, uliobonyea hata ukikaa popote pengine kwenye kochi lile ulijikuta unateleza kuelekea huko. Alitazama mpira, riadha, mbio za baiskeli, hata ule mchezo wa Waingereza wa kurusha vishale ubaoni. Wakimbiaji wa Kenya aliwashangilia bila kuinua kisigino. "Kaza! Kaza, kijana, usiangalie nyuma!" aliwafokea, sahani ya sambusa imetulia juu ya tumbo.

Basi mwaka mmoja, nikiwa bado shule ya msingi, kabla kidogo ya Ramadhani, walimpima damu wakamkuta na sukari. Nesi wa kliniki ya Alum Rock, mama mchangamfu aliyemwita kila mgonjwa "bab", yaani kipenzi, kama wanavyoitana wenyeji wa mji huu, alimpa kidude cha kuhesabu hatua, cha kubana kwenye mkanda. Afikishe elfu kumi kwa siku, akamwambia, na kiangazi kikiisha arudi wapime tena. Sukari isiposhuka, ataanza sindano. Baba hakuwaogopa walevi wa alfajiri waliopanda teksi yake wakiimba, lakini sindano aliiogopa kama mtoto wa chekechea.

Yeye aliogopa sindano. Mimi niliogopa kubwa zaidi, na lawama zote nampa Mzee Balbir.

Mzee Balbir alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Kalasinga wa Kisumu, kama alivyojiita mwenyewe, fundi wa magari aliyestaafu, mjane, mwenye kilemba cha buluu na Kiswahili cha gereji. Alikuwa na televisheni kubwa kuliko yetu, ila, alisema, haikuwa na mtu wa kubishana naye. Siku ya kwanza Baba alipomwalika kutazama mpira, alisimama mlangoni, akatazama safu ya viatu vyetu, akapandisha suruali kidogo. Kuanzia chini ya goti mguu wake wa kushoto ulikuwa wa plastiki, umevishwa kiatu cha ngozi kilichong'arishwa.

"Mama Nasra," akauliza kwa adabu kabisa, "nivue kiatu ama nivue mguu?"

Mama aliutazama mguu kuanzia goti hadi kiatu. Kisha akasema, "Vua unachoweza, mzee wangu. Karibu ndani."

Akavua mguu. Aliingia kwa kurukaruka akiegemea fimbo, na mguu ukabaki mlangoni mechi nzima, umesimama kando ya raba zangu za shule. Sikuona bao hata moja siku hiyo.

"Babu," nilimwuliza wakati wa mapumziko, "where did the real one go?"

"Sukari imekula," akanijibu, kama mtu anayesema panya wamekula mahindi. "Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa tu. Nakaa, nakula jalebi, naangalia kriketi, mechi moja siku tano. Siku ya sita daktari anakuja na msumeno."

Watu wazima wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka, mimi nilihesabu. Siku tano za kukaa, siku ya sita msumeno. Baba alikuwa amekaa siku ngapi? Kwa kadiri nilivyojua, tangu nizaliwe. Usiku ule nilisali nikamwomba Mungu daktari asijue anwani yetu.

Kidude kile kilimfedhehesha Baba tangu mwanzo. Mama alikuwa akifanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi saa mbili, jua la kiangazi bado liko dirishani, na kabla hajavua mtandio aliinama kiunoni mwa Baba kusoma tarakimu.

"Elfu moja mia tisa," alisoma. "Baba Nasra, kuku aliyefungwa mguu hutembea kukushinda."

"Leo abiria walikuwa wengi."

"Nao ndio waliokuwa wakitembea?"

Kisha aliiandika kwenye kalenda iliyobandikwa kwenye friji, kwa kalamu nyekundu, mahali ambapo kila anayetaka maziwa ataiona.

Likaja Kombe la Dunia, na Baba akaona hata hizo elfu moja mia tisa ni mzigo. Mechi tatu kwa siku! Kwenye sikukuu ya Idi, Mama kazini, alinituma maji, kisha chumvi, kisha rimoti iliyokuwa shibiri mbili kutoka mkononi mwake. Mara ya nne akakitoa kidude mkandani akanibana nacho kwenye sketi. "Kama wewe ndiye unatembea," akasema, "wacha basi mashine ijue." Nilikwenda jikoni nikarudi. Kikaongeza thelathini na nane. Baba alikitazama kwa furaha ya mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato. "Nasra, hebu ruka kidogo. Eeh. Sasa tembea hapo hapo kama askari." Kufikia mapumziko tulikuwa na elfu tatu, na Baba alikuwa amelala chali akijimegea halwa ya Idi.

"Hii ni siri yetu," akaniambia. Kwake yeye ulikuwa uvivu na utani. Kwangu mimi, baada ya wiki moja, ukawa ibada.

Maana Jumamosi iliyofuata, madrasa, ustadhi wetu alianza kutufundisha habari za Hija. Alisema mzazi asiyejiweza, kwa uzee au maradhi, mtoto wake anaweza kumhijia, na Mungu akaipokea kana kwamba mzazi mwenyewe ndiye aliyeizunguka Kaaba. Mtoto anatembea huku, thawabu inamfikia mzazi kule. Niliinua mkono kwa kasi hadi kalamu ikaruka.

"Ustadh, does it work for other things?"

"Kama yapi?"

Siri ilikuwa siri. "Like, good things."

"Naam. Sadaka. Dua. Mema ya mtoto humfaa mzazi wake." Halafu akaongeza sharti, nikaliandika na kulipigia mistari miwili: anayemhijia mwenziwe sharti awe ameshahiji mwenyewe. Timiza yako kwanza, ndipo umfanyie mwingine.

Mnaona ilikokuwa inaelekea.

Kuanzia Jumatatu nilikuwa na utaratibu. Nikitoka shule nilipanda chumbani kwangu, nikapiga hatua elfu moja bila kidude, nikizihesabu kwa midomo, ili zangu ziwe zimetimia. Kisha nilishuka, nikajibana kidude, nikasimama mbele ya televisheni, nikafumba macho na kunuia moyoni kwamba namwanzia Baba hatua za kipindi cha kwanza, kwa ajili ya mguu wake wa kulia. Kipindi cha pili kilikuwa cha mguu wa kushoto. Dakika za nyongeza niliigawia miguu yote miwili sawasawa, nisije nikaonekana napendelea.

Baba aliona tu mtoto anayependa mchezo. Mpira ulipokimbia nilikimbia papo hapo. Ikiwa kona, nilichuchumaa na kuinuka. Ikiwa penalti, nilisimama kwa mguu mmoja hadi ipigwe, jambo ambalo hakuna aliyeniagiza, ila niliona lina heshima. Timu za Afrika zilifungishwa virago moja baada ya nyingine, Baba akaomboleza kochini, mimi nikaendelea kutembea. Waingereza wakasonga mbele hadi mtaa mzima ukatundika bendera, hata kwa Mpakistani wa duka la nyama, mimi nikaendelea kutembea. Kombe lilipokwisha tukahamia riadha, na riadha ilipokwisha tukahamia kriketi. Siku ya michezo shuleni nilizishinda mbio zote nilizoingia, na mwalimu akaniuliza nafanya mazoezi wapi. Nikamwambia kwenye zulia.

Mama alichanua. "Elfu kumi na mbili!" alisoma jioni moja, mkono kifuani. "Mashallah. Mwanamume akiamua, ameamua." Alimpigia simu dada yake Mombasa kumsifu mumewe kwa sauti, naye mumewe akajitia kusinzia. Akaanza hata kumwongezea sambusa, kwani mtu anayetembea hivyo atapata wapi nguvu? Nadhani hapo ndipo dhamiri ilipomgusa Baba kidogo. Lakini sambusa zilikuwa za nyama.

Mzee Balbir peke yake ndiye hakufurahi. Alitutazama mechi mbili tatu, mimi natoka jasho, Baba anatafuna, kisha akasema, "Ndugu yangu, mwenye sukari ni mtoto ama ni wewe?"

"Anacheza tu, mzee."

Mzee Balbir aliinua macho kuelekea mlangoni, kwenye mguu wake. Nami nikamhurumia. Nilidhani hajui habari za kuhijiana, maskini, hakusoma madrasa.

Shule zilipofunguliwa baada ya kiangazi, Baba alinipitia langoni na teksi tukaenda kliniki kuchukua majibu. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilikuwa nimejumlisha kalenda yote ya Mama: laki tano na ushei. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikiningʼiniza miguu, nikisubiri kusikia tumefaulu.

Nesi alitazama kompyuta. Akatazama karatasi za kalenda ambazo Mama alizikunja vizuri kwenye bahasha. Akatazama kompyuta tena.

"This doesn't add up, bab," akasema.

Sukari ilikuwa imepanda. Mtu wa hatua hizi, alieleza taratibu, angekuwa amepungua, na damu yake ingekuwa imetulia. Hakumwita mwongo. Alimpa miezi mitatu mingine, ya mwisho, kisha akamwomba avue soksi. Akazigusa nyayo zake kwa kiuzi cha plastiki, hapa na pale, akimwuliza kama anahisi. "Yes," alijibu Baba. "Yes. Yes." Kisha akanyamaza. Nesi akagusa tena palepale, na Baba akachelewa kujibu. Kilikuwa kidole kidogo cha mguu wa kulia.

Mguu wa kulia. Wa kipindi cha kwanza.

Nilijikaza hadi tukaingia garini. Hapo nje barabara ya Alum Rock ilikuwa kwenye shughuli zake, wanawake wanachagua bamia, mtu anakaanga kitu chenye binzari, wavulana wanapigiana honi bila sababu. Nikaangua kilio. Baba alidhani nina njaa.

"Wacha kulia, mama. Ni sindano tu. Kitu kidogo hivi."

"It's my fault. I did it wrong."

"Ulifanya nini wrong?"

Nikataka aelewe kila neno, kwa hivyo nikamwambia kwa Kiswahili, Kiswahili changu kibovu cha siku zile, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia habari za Hija. Kipindi cha kwanza mguu wa kulia, cha pili mguu wa kushoto. Hatua elfu zangu mwenyewe kwanza, chumbani, ili zake zikubaliwe. "Lakini siku ile Waingereza walifungwa, mimi nilikuwa nalia, nilisahau kunuia. Na siku mbili nilichelewa, sikumaliza zangu, nikaanza zako. Ndiyo maana hazikufika, Baba. Nitaanza upya. Usiache wachukue mguu."

Baba alizima injini. Alishika usukani kwa mikono miwili kama gari linakwenda kasi.

"Tangu lini?"

"Tangu Idi."

"Kila siku?"

"Except Tuesdays. Jumanne niko na swimming."

Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akiona haya, na sikuyatambua. Nilidhani ni sukari imefika masikioni. Halafu akashuka, akazunguka gari, akanifungulia mlango kama anavyowafungulia abiria wazee.

"Shuka."

"Tunaenda wapi?"

"Nyumbani. Kwa miguu."

Kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa karibu saa moja kwa mtu aliyezoea, na Baba hakuwa amezoea. Manyunyu yalianza kabla hatujafika mbali. Nilinyoosha mkono nikibebe kidude, akaurudisha mkono wangu. "Hizi ni zangu," akasema. Aliwajua nusu ya wenye maduka wa barabara ile, na kila mmoja alitoka kushangaa. "Vipi, gari imeharibika?" akauliza mwenye duka la nguo. "Gari iko sawa," Baba akamjibu akihema. "Mwenye gari ndiye aliyeharibika."

Tulipumzika mara nne. Mara ya tatu, amekaa juu ya kiukuta cha bustani ya watu, alinivutia kwake. "Sikiza, Nasra. Hukukosea kunuia. Hija ni ya Mungu, anaweza kuipokea kwa mikono ya yeyote. Sukari haipokei. Sukari inataka mwenyewe." Akapangusa uso, na sijui ilikuwa manyunyu au nini. "Aliyekosea ni mimi. Wewe ulikuwa unaniokoa, na mimi nilikuwa nakula halwa."

Mama alikuwa mlangoni tulipofika. "Gari li wapi?"

"Alum Rock."

"Limegongwa?"

"Hapana. Ngoja nikuambie." Akamwaga mtama wote pale pale mlangoni, viatu vimelowa, bila kupunguza hata halwa. Mama alisikiliza, akanitazama mimi, akatazama miguu yangu. Nilingojea kishindo. Hakikuja.

"Njia ya mwongo fupi," akasema. "Yako imeishia kliniki." Kisha akaingia sebuleni, akachukua mito ya kochi mmoja mmoja, akapanda nayo juu, akaifungia kabatini, na ufunguo akautia kifuani ndani ya dera lake. Kuanzia siku hiyo kochi letu lilikuwa mbao na chemchemi za chuma.

Mzee Balbir alipopata habari alikuja na filimbi. Sheria alitunga yeye, na ilikuwa fupi: mpira ukichezwa, miguu inatembea, mpira ukitoka, miguu inapumzika. Alipuliza filimbi kwa haki hata kwake mwenyewe. Mama alimpa ruhusa ya kuingia na mguu, akamfutia soli ya kiatu kwa kitambaa, na basi jioni zetu zikawa na mlio wake, tok, tok, tok, kando ya mhemo wa Baba. Na mimi nilitembea kando yao, karibu na meza ya chai, zangu mwenyewe. Kila jioni kabla hatujaanza Baba aliniuliza, "Za leo umemaliza?"

Ninyi mliowahi kutazama mpira na baba zenu mnajua wanavyowatukana makipa wanaopoteza muda. Wangu aliwaombea dua. Mchezaji akianguka na kugaagaa, Baba alisimama hapo mikono kiunoni akisema, "Mwacheni, jamani, msimharakishe. Ameumia kabisa. Mwiteni daktari." Refa akitazama video aliombea atazame tena. Mpira ukirudi mchezoni, filimbi, na Baba akiguna, "Hawa vijana hawachoki?" Alijaribu kutuhamishia kwenye kriketi, akidhani kule watu wanasimama tu. Mzee Balbir akakubali kwamba ndiyo, wanasimama, basi nasi tutasimama nao, kutwa. Baba akarudi kwenye mpira siku hiyo hiyo. Mama alicheka hadi akakaa chini, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukaa.

Miezi mitatu ilipokwisha, nesi alitazama kompyuta mara moja tu, akapiga makofi. Hakuna sindano. Aligusa kile kidole kidogo, na Baba akasema "Yes!" kwa sauti iliyosikika hadi mapokezi. Mito ya kochi ilirudi, lakini ilirudi kwa ajili ya Mzee Balbir. Baba hakuikalia mechi ikiendelea, si mwaka ule wala mwaka uliofuata, na hivyo ndivyo zulia lilivyopata mabaka yake.

Mzee Balbir alifariki mwaka juzi, kwa uzee, usingizini. Binti yake alituletea filimbi ndani ya bahasha yenye jina la Baba. Iko kwenye msumari kando ya televisheni, na sijazoea bado kutazama mechi bila kusikia ile tok, tok.

Leo mchana Baba alirudi kutoka matembezi yake ya asubuhi, ambayo siku hizi yanamfikisha mbali hadi Mama huuliza kama ana mke mwingine huko. Alikula, akasali, akawasha televisheni. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza. Sakafu mpya inangʼaa, haina baka lolote. Akakibana kidude mkandani, cha tatu au cha nne tangu kile cha kwanza, akasimama palepale, mahali panapojulikana na miguu yake hata bila zulia.

"Baba, si umeshatembea leo?" nikamwambia. "Pumzika. Keti hapa na mimi."

Alichukua filimbi msumarini akamrushia Mama. Akautazama mguu wangu juu ya mito, akafumba macho kidogo, midomo ikitikisika bila sauti, kisha akaanza kutembea.

"Zangu nilimaliza asubuhi," akasema. "Hiki ni kipindi cha kwanza. Cha mguu wa kulia."